Mkono wa Tope kwenye Gauni la Bibi

Tope la ndiva halinuki kama tope lingine. La barabarani hapa Same likikauka linakuwa vumbi na harufu yake inaishia hapo, lakini la ndiva lina majani yaliyooza, samadi iliyoteremshwa na mvua kutoka mabanda ya ng'ombe ya juu, na kitu kingine cha ubaridi ambacho sijakipatia jina. Juzi asubuhi nilivuta mfuko niliokuwa nimeusukumia chini ya kitanda tangu niliporudi kumzika baba mkubwa. Nilikuwa natafuta viatu vyangu vya usaili, maana ndivyo viatu vizuri pekee nilivyonavyo na ndivyo nilivyozikia. Nilipofungua mfuko, harufu ikajaa chumba kizima. Nikakaa kitandani nimeshika kiatu kimoja, usaili unanisubiri, nikaanza kufikiri. Mimi nikianza kufikiri huwa sifiki mahali pazuri.

Kwa asiyewahi kupanda milima yetu ya Upare, ndiva ni bwawa la udongo linalochimbwa juu ya mashamba. Maji ya kijito hukusanywa humo usiku, na asubuhi hufunguliwa yashuke kwa mfereji kwenda kwenye viraka vya watu kwa zamu. Mwaka mmoja tu ukipita, tope linajaa chini na ndiva inabaki na nafasi ya maji kidogo. Kwa hiyo kabla ya kupanda, pembe hupigwa, kila nyumba hutoa mtu na jembe, na watu huingia ndani kulizoa. Kazi hiyo ya pamoja tunaiita msaragambo. Hakuna aliyewahi kutoka kwenye msaragambo akiwa msafi. Naomba ulikumbuke hilo, kwa sababu watu wengi wenye akili kuliko mimi wamelisahau.

Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye msomi aliyefika mbali kuliko wote kwenye ukoo wetu. Kijijini kwetu, juu ya Gonja, walimwita Profesa miaka mingi kabla hajawa profesa. Hakuwasahihisha, ingawa alisahihisha kila kitu kingine. Alikuja kila Desemba na sanduku la vitabu ambalo vijana walilibeba kichwani kutoka barabarani, na tangu aliposhuka kwenye gari nyumba ya Bibi ilibadilika kuwa ofisi. Redio ilizimwa. Kuku walifukuzwa barazani. Bibi, ambaye ndiye aliyemzaa, aliongea naye kwa sauti ya chini kama mtu aliyekwenda kuomba kazi. Siku moja baba mkubwa alimsubiri Bibi amalize kusali mezani, kisha akamwambia kwamba maharage ameyashukuru mara mbili. Bibi akasema asante, mwanangu.

Baada ya makande ya mchana, sisi watoto wa ukoo tulipangwa mstari mbele ya kiti chake. Tulitoa shikamoo kwa pamoja, naye akajibu marahaba huku akiendelea kusoma gazeti. Kisha kila mtoto aliulizwa swali moja. Aliyejibu vizuri alipewa kalamu. Aliyeshindwa aliambiwa neno moja tu, "Kapumzike," likisemwa taratibu, bila hasira, kama anavyoambiwa mgonjwa. Watu wazima waliokaa kwenye mabenchi walicheka. Mtoto alikwenda nyuma ya jiko, na huko alikuta wenzake waliotangulia kupumzika.

Mimi niliulizwa kijito chetu kinatoka wapi. Nilikuwa sijaanza shule. Nilijua kwamba kinatokea kwenye migomba ya Bibi, kwa sababu huko ndiko nilikokiona kikitokea kila siku, nikajibu kwa sauti kubwa na kwa furaha kwamba kinatoka kwa Bibi. Benchi zima likaangua kicheko. Baba mkubwa aliinua macho kutoka kwenye gazeti, akanitazama kama mtu anayetazama doa kwenye shati, akasema Kapumzike. Nimelirudia jibu lile kichwani mara nyingi sana tangu hapo. Hadi leo sioni kasoro yake kubwa, ukizingatia umri.

Sasa hivi kwenye kundi la familia la WhatsApp, kaka Elinami, mtoto wa baba mdogo, ametuomba kila mmoja aandike jinsi marehemu alivyomvutia kusoma. Wameandika wengi. Muuguzi wetu anasema alipewa kalamu. Mhasibu wetu anasema alipewa kalamu. Elinami mwenyewe alipewa kamusi. Ukisoma ujumbe mmoja baada ya mwingine utadhani yule mzee alikuwa na duka la vifaa vya shule. Hakuna hata mmoja aliyetaja Kapumzike, na mimi niliwaona wote nyuma ya jiko, wakijifuta kamasi kwa mikono. Hawadanganyi, nadhani. Wameondoa tu sehemu moja, kama mtu anavyotoa jiwe kwenye mchele, na sasa wanakula kwa raha. Mimi bado sijaandika. Nimeandika na kufuta, nikaandika tena, na sasa naandika hapa, ambapo Elinami hatanijibu kwa alama ya mikono iliyokunjwa.

Mwaka uleule wa swali la kijito, baba mkubwa alikuja na kijana mmoja wa mjini mwenye kamera nzito shingoni. Baba mkubwa alikuwa anaandika kitabu kuhusu ndiva. Jumapili, baada ya ibada, alisimama mbele ya usharika na kueleza kwamba msaragambo wa mwaka huo utapigwa picha, na picha itakwenda kitabuni, na kitabu kitasomwa nje ya nchi. Mimi siku hiyo nilikuwa na homa, na mama alibaki nyumbani kunipa uji. Kwa hiyo hatukumsikia, wala hatukusikia walichokubaliana watu baada ya yeye kukaa. Baba alikuwa huko chini kwenye mashamba ya mkonge, angekuja mwisho wa mwezi. Nyumba yetu peke yake ndiyo haikuwa na habari.

Nilichosikia nilisikia kwa Elinami, siku moja kabla ya kazi. Alikuwa darasa la nne na alizungumza kama mtu aliyetumwa. Aliniambia kwamba watoto watakaoonekana kwenye picha ndio ambao baba mkubwa atawachukua kwenda kusoma mjini, kwa sababu lazima awe na picha zao huko anakokwenda. Nilimwamini. Sikuona sababu ya mtu kutembea na picha ya watoto asiowataka. Usiku ule sikuwaza kitu kingine. Nilitaka kuingia kwenye picha ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, kuliko hata viatu. Nilijua kwamba kwa lile jibu la kijito nilikuwa nimejiharibia, na kwamba picha ilikuwa njia ya kuingia bila kuulizwa swali.

Pembe ilipolia, mimi na mama tulikuwa wa kwanza kufika. Mama alivaa kanga yake iliyotoboka, mimi nilivaa gauni la kulalia. Tukaingia. Nilijipaka tope zaidi ya lililohitajika. Nilifikiri, na hapa naomba unielewe, kwamba katika picha ya watu wanaozoa tope, anayependeza kuliko wote ni mwenye tope jingi.

Kisha watu wakaanza kuja. Wa kwanza kutokea kwenye njia alikuwa mwenyekiti wa ndiva. Alivaa suti na tai, na jembe begani limeoshwa hadi mpini. Nyuma yake walikuja wazee wa kanisa na makoti yao, vijana wa kwaya na sare zao, wasichana na soksi nyeupe. Wanawake walikuja na magauni meupe ya umoja wao, mbele yao akiwa Bibi, kwapani ameshika mkoba wake wa Pasaka. Ndiye aliyekuwa amepita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wavae vizuri, asije mtu akamwaibisha mwanawe huko nje ya nchi. Hakupita kwetu. Alidhani mama alikuwepo kanisani.

Mama alisimama ndani ya tope, ameegemea jembe, akawaangalia wakishuka mmoja mmoja wakikwepa madimbwi.

"Jamani," akasema, "tunakwenda msaragambo au harusini?"

"Tunakwenda kitabuni, mama," mwenyekiti akamjibu, na watu wakacheka. "Wewe nenda hivyo hivyo, utakuwa mpishi."

Mama akatoka ndani ya ndiva, akaniambia nibaki na Bibi, akapanda njia mbio kwenda kubadilisha nguo. Hata yeye, unaona. Dakika moja tu iliyopita alikuwa anawacheka.

Ninachokumbuka vizuri kuliko vyote ni jinsi baba mkubwa alivyowatazama watu wale. Alifika nyuma na yule kijana wa kamera, akasimama ukingoni. Alizaliwa pale. Alizoa tope lile akiwa mtoto, alijua fika kwamba hakuna mtu anayezoa tope akiwa amevaa tai. Nimejaribu kumpa kila udhuru ninaoweza kuutengeneza. Labda alishangaa. Labda aliona haya kuwarudisha watu waliojitahidi hivyo. Lakini niliona uso wake, na kilichokuwepo usoni kilikuwa furaha. Aliona kwamba wamependeza. Akaanza kuwapanga kwa urefu.

Majembe yaliinuliwa juu. Wale wa mbele waliombwa waingie kwenye tope hadi kwenye vifundo vya miguu, wakakataa kwa heshima, wakaombwa basi wasogee karibu nalo. Kijana wa kamera alifumba jicho moja. Ndipo niliponyanyuka kutoka kwenye tope nilimokuwa, nikakimbia, nikajipenyeza katikati ya wanawake na kumkumbatia Bibi ubavuni, nikageuza uso kuelekea kamera, nikatabasamu kwa meno yote niliyokuwa nayo.

"Huyo mwenye tope atoke," baba mkubwa akasema. "Anaharibu picha."

Hakusema jina langu. Sina hakika kama alilijua. Mkono wa mtu ulinishika nyuma ya gauni ukanivuta, na mimi nilimng'ang'ania Bibi, kiganja changu kikateleza na kuacha alama ya tope kiunoni mwa gauni lake jeupe. Bibi aliangalia chini, akaona, akafungua mdomo. Kamera ikalia. Mimi nilikuwa tayari nyuma ya yule kijana, nawaona wote kama walivyokuwa wanaonekana: kijiji kizima kimesimama kando ya tope, kisafi, na mimi peke yangu upande wa pili.

Baada ya hapo watu walishukuru, wakapanda kwa Bibi kunywa chai ya tangawizi. Mama aliporudi, amevaa gauni la kijani na viatu, alinikuta mimi na tope. Akaangalia huku na huku. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa chini na gauni lake. Sikumwambia kuhusu picha. Mwaka ule tope halikuzolewa, kwa kuwa siku ya kulizoa ilikuwa imekwisha na kila mtu alikuwa na shamba lake la kuwahi. Ndiva ikashika maji kidogo, zamu zikawa fupi, na maharage ya viraka vya chini, chetu kikiwemo, yaligeuka manjano kabla hayajabeba. Mwenyekiti alisema ni mvua.

Elinami ndiye aliyechukuliwa kwenda kusoma mjini. Alikuwemo kwenye picha, kwa hiyo, nilivyoona mimi, alikuwa amesema kweli tupu.

Basi nikasoma. Wengine wanasoma kwa kalamu waliyopewa. Mimi nilisoma kwa nia ya siku moja kusimama mbele ya mzee yule nikiwa msafi kabisa na kumwambia kwamba amekosea. Si nia nzuri, lakini ilinitosha hadi chuo kikuu. Na huko, mwaka wangu wa pili, katika somo la maendeleo ya jamii, mhadhiri akatuonyesha picha ukutani, nami nikamwona Bibi yangu akiwa mkubwa kama mlango.

Mhadhiri alisoma maelezo ya kitabuni. Yalisema kwamba Wapare huingia kwenye kazi ya ndiva wakiwa na mavazi rasmi, kwa kuyaheshimu maji. Kisha akaelekeza mwanga wake mwekundu kwenye kiuno cha Bibi. Alama hii ya mkono wa tope kwenye vazi jeupe la mwanamke mzee, akasoma, huwekwa na mtoto kabla ya kazi kuanza, na ni sehemu ya kuyabariki maji ya msimu.

Nilipanga sentensi, nikaipangua. Mwishowe nikainua mkono na kusema kwamba ule si mkono wa baraka, ni mkono wa mtoto aliyekuwa anavutwa atoke kwenye picha.

Mhadhiri alikuwa mtu mstaarabu. "Inavutia," akasema. "Chanzo chako ni kipi?"

Nikasema, "Mimi." Darasa likacheka kama lile benchi la barazani.

Desemba ile nilikwenda kwa baba mkubwa. Alikuwa amestaafu, kiti kilekile, gazeti jingine. Nilimwambia yote kwa utaratibu, kwa adabu, kama nilivyojizoeza ndani ya basi kutoka Dodoma hadi Same. Alinisikiliza hadi mwisho, na hilo lilinitia tumaini. Kisha akasema kwamba picha ikishachapishwa lazima kila kilichomo kielezwe, la sivyo msomaji atajielezea mwenyewe, na atajielezea vibaya. Na kwamba kumbukumbu ya mtoto si ushahidi.

"Lakini baba mkubwa, wewe ulikuwepo," nikasema.

Akafungua ukurasa mwingine wa gazeti. "Umechoka na safari, mwanangu. Kapumzike."

Aliposikia kwamba baba mkubwa amefariki, mama alinipigia simu akilia kweli, na familia ikaamua kwamba historia ya marehemu iandikwe na kusomwa na mimi, kwa kuwa nina shahada na sina kazi. Niliiandika. Niliweka kila chuo na kila cheo. Nilisoma kwamba aliandika kitabu kuhusu ndiva ambacho kinasomwa hadi leo, na kila neno hapo ni sahihi. Watu walitikisa vichwa kwa huzuni. Mchungaji aliposema apumzike kwa amani, na zamu yangu ya kutupa udongo ikafika, neno moja lilinijia mdomoni, taratibu, bila hasira. Nililimeza. Bibi hayupo tena, lakini nilimwona mama ananiangalia.

Kesho yake pembe ikapigwa. Ilikuwa imeamuliwa kwamba msaragambo wa mwaka huu ufanyike kwa heshima yake, wageni wakiwa bado wapo. Nilishuka na wengine, bado nimevaa nguo za msibani. Wanawake walikuwa wameshapangwa ukingoni na magauni meupe. Wanaume walivaa tai. Na mbele yao alisimama mtoto wa kike, wa umri niliokuwa nao mimi siku ile, kiganja kimoja kimechovywa kwenye tope, amekishika mbali na nguo zake kama kitu cha mtu mwingine. Akasukumwa taratibu kuelekea kwa mwanamke mzee kuliko wote. Alisita, akaangalia nyuma kuuliza kama kweli anaruhusiwa kuchafua. Wakamwambia weka, weka hapo kiunoni. Akaweka. Watu wakapiga makofi, simu zikainuliwa.

Nilimsogelea mwenyekiti wa ndiva, yuleyule, amezeeka sasa. Siku ile alikuwa na tai na jembe lililooshwa, na alimwambia mama yangu kwamba atakuwa mpishi. Nilimpa shikamoo, nikamuuliza desturi hii ya mkono ilianza lini.

Alinitazama kwa huruma ya dhati. "Ni ya mababu hii, binti yangu," akasema. "Kwani hukusoma kitabu cha baba yako mkubwa?"

Nilimchunguza usoni kutafuta hata dalili ndogo ya utani, na hapakuwa na kitu. Alikuwepo, aliona kwa macho yake, na ameshasoma vinginevyo. Sijui nilitegemea nini. Nilifikiri nimwambie, kisha nikafikiri atakachoniuliza, na mimi sina chanzo kingine.

Tope lilikuwa limejaa karibu hadi kwenye mlango wa maji. Majembe yote yalikuwa yameinuliwa juu, safi. Nikachukua la mwanamke aliyekuwa karibu nami, nikashuka ukingo, nikaingia na viatu vyangu vya usaili, na kuanza kuzoa. Nilisikia minong'ono juu yangu. Kisha kijana mmoja mwenye simu, mgeni wa kutoka chuoni, akainama kwa adabu.

"Dada, samahani, sogea kidogo. Unaharibu picha."

Sikusogea. Ndiyo maana viatu vinanuka hivi.